Nilivyopatanishwa Dubai bila Kugombana

Tangu nirudi, hakuna harusi wala arobaini niliyohudhuria nisivutwe pembeni na kuulizwa: "Kondo, huko Dubai hasa ulikwenda kufanya nini?" Nikijibu kwamba nilikwenda kwenye mazungumzo ya amani ya nchi moja ya Amerika ya Kusini, watu huguna. Mmoja wenu, sitamtaja, aliniambia niseme tu ukweli kwamba nilikwenda kununua simu. Basi nimekaa niandike mara moja, mpitishiane, mniache nile pilau kwa raha.

Nchi yenyewe sitaitaja kwa sababu niliahidi. Mnachohitaji kujua ni hiki. Nesi mmoja kijana aitwaye Lucía alichukuliwa mateka na waasi akienda zahanati ya kijijini. Baadaye waasi walikubali kumwachia, ila kabla mvua hazijafunga njia za msituni. Waasi walimwamini mtu mmoja tu, Padri Anselmo. Serikali nayo, ambayo ndiyo ingesimamisha wanajeshi ili padri apite salama, ilimwamini mtu mmoja tu, Balozi mstaafu Beatriz. Wapatanishi hawa wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kila mmoja alitaka makabidhiano yapite mikononi mwake, na kila mmoja aliamini mwenzake anatafuta jina. Padri alikataa kukutana kwenye mji wa balozi, balozi akakataa kukutana kwenye parokia ya padri. Mwishowe wakakubali Dubai, mji ambamo hakuna hata mmoja wao anayejulikana, hivyo hakuna wa kumpigia makofi.

Aliyeitwa kuwapatanisha wapatanishi hao ni Bi Nyamizi, jaji mstaafu wa Tabora, aliyezeekea kwenye vikao vya amani vya Maziwa Makuu. Kihispania hana. Mimi ninacho, kwa kuwa nilisomea udaktari wa mifugo Kuba. Ndivyo daktari wa ng'ombe alivyogeuka mkalimani.

Jambo moja zaidi, kwa wale mliokulia nje ya Tanzania. Bi Nyamizi ni Mnyamwezi, mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, kukuita mtumwa wake na kukunyang'anya chakula mdomoni, nawe huruhusiwi kukasirika. Kushika hasira ndiyo aibu.

Dar es Salaam hadi Nairobi

Ndege iliondoka kwa wakati, na hilo peke yake lingetosha kutushtua. Tulipotua Nairobi tukaambiwa ndege ya Dubai ina hitilafu, tusubiri. Tulisubiri mpaka viti vikatuchoka. Mimi si mtu wa kusubiri. Nilizunguka, nikagombana na mashine ya chai iliyokula hela yangu, nikarudi nimenuna. Bi Nyamizi alikuwa ametandika khanga yake kitini, anakula karanga alizotoka nazo nyumbani, na amekwisha kuwasuluhisha mke na mume waliokuwa wakizozana juu ya nani alisahau dawa ya mtoto.

"Umewafanyaje?" nikamuuliza.

"Nimewaomba wanisaidie kufungua mfuko wa karanga. Watu wawili wakishika mfuko mmoja inawabidi wasikilizane. Kaa chini, mtumwa wangu. Mzaramo akikosa ngoma anahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

Nairobi hadi Dubai

Ndani ya ndege nililala. Dubai tulisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Begi la Bi Nyamizi halikutokea. Nilijua nina wajibu wa kumfariji, lakini ulimi ulinizidi nguvu.

"Aibu gani hii! Mababu zako walibeba mizigo vichwani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, haukupotea hata mmoja. Wewe umepewa kibegi chenye magurudumu!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia kwamba siku nitakapokufa atalala mbele ya jeneza, na hapiti mtu mpaka ndugu zangu wamlipe ng'ombe. Askari wa uwanjani alitusogelea, akatutazama kwa zamu, akaondoka.

Uwanja wa ndege hadi Marina

Hoteli yetu ilikuwa Dubai Marina, kati ya maghorofa yaliyobanana, kiasi kwamba kutafuta jua ilikupasa utoke ukalifuate. Duka la jirani liliuza abaya, na Bi Nyamizi akanunua moja nyeusi yenye nakshi mikononi, maana nguo zake zote zilikuwa zimebaki Nairobi. Tangu alipoivaa, madereva walimfungulia mlango na wahudumu wakamwita madam kwa sauti ya chini. Mimi nikaulizwa kama ni dereva wake.

Wageni wetu walikuwa wamefika. Padri Anselmo alikuwa mnene, mpole, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Balozi Beatriz alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na alizungumza Kiingereza kilichonyooka. Walikaa meza mbili tofauti katika ukumbi mmoja wa kulia, wamepeana migongo. Kwenye meza ya tatu, peke yake, alikaa Mama Mercedes, mama yake Lucía. Alikuja kwa niaba ya familia. Hakujua akae upande gani asimuudhi mwingine, kwa kuwa maisha ya mwanawe yalikuwa mikononi mwa wote wawili.

Bi Nyamizi hakuwaendea wakubwa. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akaketi, akamshika mkono. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, nami aliniashiria nisisogee.

Marina hadi Jumeirah Village Circle

Vikao vilifanyika katika nyumba ya kupanga huko Jumeirah Village Circle, mtaa wa watu wa kazi za kawaida, mbali na macho ya hotelini. Mlinzi wa jengo, Mganda aitwaye Wasswa, alifurahi sana kusikia Kiswahili. "Karibu, mzee. Hapa mimi naongea Arabic ya yalla yalla tu, mdomo umekauka," aliniambia.

Kikao cha kwanza kilikuwa mateso. Padri alisema waasi hawatamtoa Lucía mbele ya mtu wa serikali. Balozi alisema jeshi halisimami kwa neno la padri. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na mtu mwenye akili angeona kwamba kila mmoja ana nusu ya ufunguo. Lakini palipoulizwa nani atakuwapo siku ya kumpokea binti, wote wawili walisema "mimi". Kwenye korido padri alininong'oneza kwamba balozi yule anataka kurudi serikalini. Jikoni balozi akaninong'oneza kwamba padri yule anataka uaskofu. Mama Mercedes alikaa kwenye kiti cha pembeni, ameshika pochi yake kwa mikono miwili, akimtazama kila anayefungua mdomo.

Nilitaka niwapige mafumbo wote wawili. Bi Nyamizi aliwauliza tu kama wangependa chai.

Deira, karibu na bandari ya Al Hamriya

Jioni tulimtoa Mama Mercedes akapumue. Nilisoma Kuba na Mzanzibari mmoja, Salum, ambaye siku hizi ana ofisi ya kupakia mizigo ya Afrika kwenye bandari ya Al Hamriya, na nyumba yake iko si mbali na hapo. Alitupokea mlangoni. "Karibuni, piteni ndani, msisimame hapo nje. Mke wangu kapika, lakini leo ni chakula cha kikwetu, msinambie mnataka kuku wa kukaanga."

Chakula chenyewe kilikuwa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Mama Mercedes alikata kipande cha muhogo, akakionja, akaweka uma chini. "Yuca," alisema, jina la muhogo kwao, na machozi yakamtoka. Kumbe huo ndio mlo ambao Lucía alikuwa akiuomba kila akirudi likizo. Salum akamfariji kwa Kihispania chetu cha Kuba, kile cha kumeza nusu ya maneno, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mama akicheka.

Njiani kurudi alituambia neno moja ambalo halijanitoka. Alisema anawaheshimu wale wawili, ni watu wema, wamewarudisha wengi makwao. "Ila kila mmoja," alisema, "anataka binti yangu aokolewe kwa mkono wake, na mimi nataka aokolewe tu."

Jumeirah Village Circle, siku ya viatu

Kikao kilichofuata kilikwama vilevile. Mchana ikaletwa biriani. Mimi nikiwa na njaa huwa sina adabu. Nikaona pande zuri la nyama kwenye sahani ya Bi Nyamizi, nikalichukua, nikalila mbele yake. "Tangu lini mtumwa akala nyama kabla ya bwana wake?" nikamuuliza.

Bi Nyamizi akanyanyuka polepole, akatoka. Aliporudi akaendelea kula. Nilipotaka kwenda kuvuta hewa, viatu vyangu nilivyoviacha mlangoni havikuwapo. Nikashuka kwa Wasswa.

"Viatu ziko, mzee," alisema kwa huzuni ya kweli, "lakini huyo madam amesema mimi nisikupe. Amesema unanunua na mbuzi."

Nikapanda juu miguu mitupu, nikaanza kufoka. Bi Nyamizi akanijibu kwamba Wazaramo tunauza mashamba tucheze ngoma, kwa hiyo viatu nitavipeleka wapi. Nikamwambia akifa nitamzika amevaa hiyo abaya ya Dubai. Tulikuwa tumenoga kweli. Ndipo padri aliponiuliza kwa upole tunasemezana nini. Mkalimani mwaminifu hafichi. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno: mtumwa, mbuzi, ngoma, kaburi.

Padri akapauka. Balozi akaweka kijiko chini. Mama Mercedes akajishika shavu. Kikao kiliahirishwa kwa sauti za chini, nasi tukarudishwa Marina kwa magari mawili, mimi na Bi Nyamizi tumetenganishwa. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sikuwa nimeeleza utani ni nini.

Marina, asubuhi yake

Nilishuka kunywa chai nikiwa nimepanga kueleza kila kitu. Njeri, mhudumu Mkenya aliyetuzoea, alinidaka mlangoni. "Uncle, umeona maajabu? Hao wawili leo wamekaa meza moja! Jana ilikuwa drama tupu, kila mtu na kona yake. Saa hii wanaongea tangu nifungue."

Kweli. Padri na balozi walikuwa vichwa vimekaribiana, chai imepoa. Bi Nyamizi alikuwa ameketi mbali, anawatazama kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Nilipomkaribia alisema bila kugeuka: "Nuna."

"Nini?"

"Nuna, Kondo. Ukicheka tu nitakurudisha Kisarawe kwa miguu. Wanakuja kutupatanisha. Balozi akija kwako, kataa. Sema humwamini mtu ila padri. Mimi nitamkataa padri, nitasema nataka balozi peke yake. Umeelewa?"

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitaka kumpigia saluti pale pale. Alikuwa ameutwaa mgogoro wao, akaupunguza ukatosha mezani, akawapa waushike.

Jumeirah Village Circle, siku ya kununa

Siku ile nzima nilinuna, kazi ambayo mke wangu atawaambia sihitaji kufundishwa. Padri alinichukua hadi chumba cha nyuma. Nilijiandaa kutunga malalamiko, lakini yule mtu alikuwa na namna ya kusikiliza ambayo sijapata kuiona. Hakukatiza. Hakutikisa kichwa ovyo. Aliniuliza tu: "Hayo maneno ya kaburini, yanakugusa wapi?"

Nikajikuta nazungumza jambo ambalo sikulitunga. Mama yangu alifariki nikiwa Kuba, na sikuwahi maziko. Waliochimba kaburi, wakapika, wakamtania marehemu na kumfanya baba acheke katikati ya msiba, walikuwa watani wetu, Wanyamwezi. Baba alinisimulia niliporudi. Nilipofika kwa hao watani nikakatiza maneno, kwa kuwa neno moja zaidi lingefichua kila kitu. Padri akadhani nimeumizwa na matusi. Akanishika bega kwa ule mkono mkubwa. Niliona aibu kumdanganya mtu mwema kiasi kile.

Chumba cha pili balozi alikuwa na Bi Nyamizi. Baadaye Bi Nyamizi aliniambia kwamba hajapata kuhojiwa vizuri hivyo na wakili yeyote katika miaka yake ya mahakamani. Mwanamke yule alitafuta palipouma bila kupabonyeza.

Halafu wale wawili wakawa wanakutana koridoni. Niliwasikia kupitia mlango. "Wako amelegea?" aliuliza padri. "Bado kidogo. Wako je?" "Usimharakishe, ana msiba wa zamani." "Basi nenda tena wewe, mimi nitangoja." Padri hakuweza kumfikia Bi Nyamizi bila balozi, na balozi hakuweza kunifikia mimi bila padri, na hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Alasiri walitukalisha uso kwa uso. Padri alitangulia, kisha akamwachia balozi, balozi akamalizia na kumrudishia padri. Tukapeana mikono. Wasswa akapigiwa simu, akaleta viatu.

Mama Mercedes alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni siku yote.

Bi Nyamizi akauliza, nami nikatafsiri: "Mliamuaje nani aanze kusema pale mwisho?"

Wakatazamana. "Hatukuamua," alisema balozi. "Alianza tu."

"Na sifa za upatanishi huu ni za nani?"

Padri akaanza kutabasamu, akaacha. Ndipo Bi Nyamizi alipowaeleza utani ni kitu gani, kwamba mimi na yeye hatujawahi kugombana, na kwamba nyama ile ilikuwa haki yangu kuila.

Sikuwa tayari kwa kilichofuata. Balozi alisimama, uso umewaka. "Umetuchezea! Mama huyu ana mtoto msituni, nasi tumepoteza siku nzima kwa mchezo wenu!" Padri aliinamisha kichwa. Bi Nyamizi hakujitetea, nami nilitamani nizame sakafuni, kwa kuwa balozi alikuwa na haki ya kukasirika.

Mama Mercedes ndiye aliyeinuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilipotafsiri kwa Bi Nyamizi yangu ilikuwa ndogo zaidi.

"Hamkupoteza," alisema. "Mimi nimewaona. Watu hawa wawili hawakuwa na ugomvi wowote, nanyi mmewahangaikia siku nzima, mkapishana mlangoni, mkaulizana hali, hamkuangalia nani yuko mbele. Mmefanya yote hayo kwa ajili ya jozi ya viatu." Akavuta pumzi. "Lucía wangu ni mtu."

Balozi akaketi. Baada ya muda akasogeza kiti chake karibu na cha padri, na akamuuliza njia ya msituni inapita wapi. Padri akamwonyesha mezani kwa vijiko na vikombe: mto huu, daraja hili, hapa kuna kambi ya jeshi. Balozi akasema kambi hiyo ataishughulikia yeye. Padri akasema basi yeye ataingia bila gari lenye bendera. Siku ya makabidhiano walikubaliana kwamba hakuna hata mmoja wao atakayesimama mbele ya kamera, na mtu wa kwanza kumgusa binti awe mama yake. Nilimtafsiria Bi Nyamizi mpaka sauti ikaniisha, na sijawahi kufurahia kazi yangu kama nilivyoifurahia jioni ile.

Kurudi

Begi la Bi Nyamizi lilitukuta uwanjani tukiondoka. Yeye alishuka Dar akapanda ndege ya Tabora akiwa na abaya yake, nami nikarudi Kisarawe kwa ng'ombe wangu. Nilianza kusikiliza habari za hali ya hewa za nchi nisiyoweza kuitaja, nikiogopa mvua.

Kisha siku moja, nikiwa zizini mkono umeingia kwa ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, simu ikaita. Mke wangu akanishikia sikioni. Ilikuwa sauti ya msichana, Kihispania cha haraka. Alikuwa Lucía. Alikuwa nyumbani tangu juzi, na nyuma yake nilimsikia Mama Mercedes akimhimiza aniambie kwamba amekonda. Nililia palepale, na ng'ombe akanivumilia.

Alipomaliza kunishukuru aliniambia ana tatizo. Alikwenda kwa padri kutoa shukrani, padri akamwambia amshukuru balozi, kwamba bila yeye risasi zingelia. Akaenda kwa balozi, naye akamwambia amshukuru padri, ndiye aliyetembea. Kila mmoja hataki kusikia. "Sasa nimshukuru nani?" aliuliza.

Nikampigia Bi Nyamizi Tabora, nikamweleza. Akasema: "Mwambie asimshukuru yeyote kwanza. Awaache hivyohivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Msituni wamebaki mateka wengine, nao watawahitaji hao wawili pamoja."